Axelrod 1980 na ile 0.004 yake

Nina kaugonjwa ka kuingia ADS, ile saiti ya NASA yenye pepa za astronomia, naandika jina la mtafiti halafu naanza kusoma orodha ya machapisho yake kuanzia chini kabisa, ile ya kwanza kuandika, napanda nayo mpaka ya mwaka huu. Wenzangu wanaperuzi TikTok, mi naperuzi CV za watu nisiowajua. Ukizoea unaanza kuona mambo, nani alihama fani, nani alikaa kimya miaka mitano akaibuka na bomu, nani anaandika pepa ileile kila mwaka kwa kubadilisha kichwa cha habari.

Leo nataka niongelee ya Tim Axelrod. Ukisoma pepa inayohusu supanova (mlipuko wa nyota) aina ya Ia iliyokwisha fikisha miezi kadhaa tangu ilipuke, uwezekano mkubwa utakutana na "Axelrod 1980" mahali fulani. Ukaifuate sasa, unategemea Astrophysical Journal au jarida lolote la maana, wapi. Ni tasnifu yake ya PhD, University of California Santa Cruz, kazi yenyewe kaifanyia Livermore, ile maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani. Kuna kipande chake kwenye kitabu cha warsha ya Texas mwaka huohuo, ila watu wananukuu tasnifu. Miaka arobaini na zaidi sasa watu wananukuu kazi ya mwanafunzi.

Ishu yenyewe iko hivi. Supanova ya Ia ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha mafuta, imelipuka yote, haibaki kitu, na mlipuko unatengeneza nikeli-56 ya kutosha, kama nusu ya uzito wa Jua au kuzidi kidogo. Nikeli hiyo ni nururifu, ndani ya siku 6 nusu yake imeshageuka kobalti-56, na kobalti nayo inachukua siku 77 nusu yake kugeuka chuma, chuma hikihiki cha kawaida. Huo unururifu ndo unaoweka taa. Mwanzoni mabaki ya mlipuko ni mazito huoni ndani, ila yanatanuka maelfu ya kilomita kwa sekunde, na baada ya miezi kadhaa yamekuwa mepesi kiasi kwamba mwanga wa katikati kabisa unatoka bila kizuizi. Hapo ndo Axelrod alipoweka kambi. Akakokotoa ioni (atomu iliyopoteza elektroni) moja baada ya nyingine, joto ni kiasi gani, chuma kimepoteza elektroni ngapi, kobalti imepoteza ngapi, kila moja inatoa mwanga wa rangi gani, akalinganisha na spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, za supanova ya 1972 (SN 1972E), na zikakaa vizuri tu.

Alichokuwa anasema kinapimika. Kuna mstari (rangi moja maalumu ya mwanga) wa kobalti kwenye 5890 angstrom, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na mwingine wa chuma kwenye 4658. Kama kweli kobalti inageuka chuma basi ule wa kwanza lazima ufifie ukilinganisha na wa pili kadiri siku zinavyokwenda, na kasi ya kufifia inajulikana kabla hata hujafungua darubini. Mwaka 1994 Kuchner, Kirshner, Pinto na Leibundgut wakakusanya spektra za supanova kadhaa za umri tofauti, wakapiga hesabu ya uwiano, ukashuka kama unururifu unavyotaka.

Sasa utamu uko hapa, na hapa ndo watu wa atomu wanapoingia. Ili ujue huo mwanga umetoka kwenye kilo ngapi za chuma lazima ujue elektroni ikiigonga ioni ya chuma ina uwezekano gani wa kuipandisha ngazi ya nishati, maana ioni ikishuka tena ndo inatoa mwanga. Hiyo namba huwezi kuikisia kirahisi, chuma kina elektroni nyingi zinazoingiliana, ngazi zake ni mamia, na kila jozi ya ngazi ina namba yake. Mwaka 1980 kwa ioni nyingi hizo namba hazikuwepo. Axelrod angeweza kusema basi jamani tusubiri. Yeye akachukua idadi ya hali za ngazi ya chini, akazidisha na za ngazi ya juu, akazidisha na 0.004, akaendelea na maisha. Imeisha. Mpishi wa pilau la shughuli anatia chumvi kwa kiganja, kijiko hana, na watu wanakula.

Na watu wamekula kweli. Hiyo 0.004 imeingia kwenye programu za kompyuta za watu kibao, mtu anarithi programu kwa profesa wake, profesa alirithi kwa wake, namba imo humohumo. Kwa ioni ya kobalti iliyopoteza elektroni mbili, ambayo ndo hiyo ya 5890, hesabu nzuri za migongano zilitoka 2016, Peter Storey na Taha Sochi wa University College London. Piga hesabu mwenyewe, 1980 mpaka 2016. Halafu ikaja darubini ya anga ya James Webb ikaiangalia supanova SN 2021aefx na kukuta kobalti ileile inang'aa kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, maikroni 11.888, watu wakaifurahia sana ile picha, ila wangapi wanawajua waliokaa kukokotoa namba za kuisomea? Ukifungua orodha za machapisho za watu wa data za atomu unakuta vichwa vya habari vinavyofanana mwanzo mwisho, ioni hii, ioni ile, mradi wa chuma sehemu ya ngapi sijui. Zinachosha kusoma kuliko kitabu cha simu. Mi binafsi naona hao ndo wanaobeba fani na hawaalikwi redioni.

Tasnifu hiyo ya Axelrod ina pia utabiri uliogoma. Axelrod alisema baada ya siku kama 500 joto litaporomoka ghafla toka maelfu ya digrii mpaka mamia, na mwanga wote utahamia infraredi, kwa hiyo ukiangalia kwa darubini ya kawaida supanova itazima ghafla. Supanova kadhaa zimefuatiliwa kupita huo umri, SN 2011fe hadi kupita siku 1000, na ile kuzimika ghafla iliyosubiriwa haikuonekana. Mpaka leo wanabishana kwa nini. Nayo inanukuliwa, kukosea vizuri pia kunakupa nukuu.

Nilipokuwa nafuatilia hii nikakutana na tasnifu nyingine iliyofichwa kuliko hii. Mwaka 1956 Baade, akina Burbidge, Hoyle, Christy na Fowler waliandika kwamba kinachowasha supanova ni kaliforni-254, elementi ambayo ilikuwa imeonekana kwenye masalia ya bomu la haidrojeni la 1952, kwa sababu kasi yake ya kuoza ililingana na supanova zinavyofifia. Majina makubwa hayo, na walikosea. Mwaka 1962 Titus Pankey, Mmarekani mweusi, Howard University, akaandika kwenye tasnifu yake kuwa ni nikeli-56. Kichwa cha tasnifu kinahusu madini ya duniani! Nani atafungua tasnifu ya madini kutafuta supanova? Colgate na McKee walipoandika pepa yao ya 1969 ndo wazo likashika, na ukiangalia marejeo ya leo wengi wanaanzia 1969, wachache wenye roho nzuri wanaweka na Pankey 1962.

Turudi kwa Axelrod. Baada ya PhD orodha yake inabadilika kabisa, miaka ya tisini yuko kwenye MACHO, ule mradi wa kutafuta vitu vyeusi vya galaksi yetu kwa kuangalia nyota za Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, zikiongezeka mwanga kwa muda kitu cheusi kinapopita mbele yake, darubini ilikuwa Mount Stromlo karibu na Canberra. Pepa ni nyingi sana na majina yanapangwa kwa alfabeti, Alcock wa kwanza, halafu Allsman, Alves, Axelrod, yaani ukizaliwa na A umepata mapema. Mtu akipima kwa idadi tu ataona MACHO ndo maisha yake na ile ya 1980 ni kamstari kamoja chini kabisa, tena kasicho na jarida. Huku kwetu mhadhiri anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi anahesabiwa machapisho kwenye majarida, na kila nikiwasikia wanavyolalamikia pointi namkumbuka huyu jamaa, tasnifu pointi ngapi?

Nikipata bando nitaandika ya Robert Kurucz wa Harvard-Smithsonian. Huyo alikokotoa mamilioni ya mistari ya spektra na kazi zake zinazonukuliwa mno ni CD, zile za plastiki kabisa, unakuta pepa nzito ya nyota na kwenye marejeo imeandikwa "Kurucz 1993, CD-ROM No. 13". Kamati ya kupandisha vyeo ingeiweka CD kwenye fungu gani sijui, labda burudani.