Baada ya kumzaa Methusela

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Mwanzo 5:21–24.

Jumamosi iliyopita tulimzika mzee wetu, mshona magunia wa pale sokoni Kibaigwa. Wengi wenu mlikuwepo, tulisimama juani pamoja. Mdogo wake alipoitwa kusoma wasifu wa marehemu alikunjua karatasi moja ya daftari, akasoma: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma hadi darasa la saba, akafunga ndoa, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu tisa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Akaikunja karatasi yake. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Ndiyo hayo tu?"

Sikumlaumu aliyeuliza. Tumezoea wasifu wenye vyeo, mwenyekiti wa hiki na mjumbe wa kile, na marehemu huyu hakuwahi kuwa hata mzee wa kanisa. Ila swali lile nilirudi nalo nyumbani. Usiku nikafungua Mwanzo sura ya 5, ile ambayo tukisoma Biblia kwa zamu kila mmoja huomba isimwangukie yeye kwa sababu ya yale majina. Sura nzima ni wasifu. Fulani akaishi miaka kadhaa, akamzaa fulani, akazaa wana, waume na wake, akafa. Hilo neno "akafa" limo mara nane. Mtu ameishi miaka mia tisa na ushei, habari zake zimekwisha kwa mistari mitatu. Hatuambiwi alilima nini, wala alikuwa akiwaitaje watoto wake jioni.

Katikati yao yumo Henoko. Sisi humkumbuka kwa kutwaliwa kwake na Mungu pasipo kuonja mauti, na ni haki. Mimi usiku ule nilikwama kwenye mstari wa 22: "Henoko akaenda pamoja na Mungu baada ya kumzaa Methusela miaka mia tatu, akazaa wana, waume na wake." Someni tena polepole. Baada ya kumzaa Methusela. Miaka 65 ya kwanza tunaambiwa aliishi, basi. Kwenda kwake na Mungu kunaanza kutajwa pale mtoto alipoingia nyumbani. Wala hakuiacha nyumba akapanda mlimani kumtafuta Mungu. Alikwenda naye miaka mia tatu huku watoto wakizaliwa, wakilia usiku, wakiugua, wakitaka kula. (Simsemi asiye na mtoto, Bwana wetu mwenyewe hakuoa. Nasema habari za Henoko, na za huyu tuliyemzika.)

Mnaolijua soko letu mnajua msimu wa mavuno ulivyo. Mahindi yanashuka usiku na mchana, ya Kiteto, ya Gairo, ya hapa hapa Kongwa, vumbi la pumba limetanda mpaka watu wanakuwa weupe kope. Mzee alikuwa akisimama mbele ya gunia lililojaa, kidole gumba amekifunga kitambaa, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mkononi. Anaanza kona ya kushoto, anavuta, anakaza, anarudi, anapiga fundo, anakata uzi kwa meno. Halafu gunia jingine. Malipo ni kwa idadi ya magunia, kwa hiyo hakuna kupumzika. Shazia ile ile aliirudisha nyumbani jioni, ikawashonea watoto mifuko ya shule kwa vipande vya viroba. Nimeiona mingi ile mifuko. Mshono wake ulipita mara mbili, na kiroba chenyewe kilichanika kabla ya mshono kuachia.

Usiku wa matanga binti yake mkubwa alitusimulia jambo ambalo sijalimaliza moyoni mpaka sasa. Ilikuwa mwaka 2006, ule ukame ambao wengi tunaukumbuka, uwele ulipokauka ukiwa magotini. Yeye alikuwa na miaka kumi, ametumwa sokoni kumpelekea baba yake uji. Akamkuta getini anajiandaa kutoka. Mtu akishinda kwenye mahindi, punje huingia kwenye pindo za suruali na mifukoni. Baba yake akainama, akakunjua pindo moja, akakung'uta chini, akakunjua la pili, akakung'uta. Wale akina mama wanaofagia punje wakasogea. Mtoto akaanza kulia. "Baba, nyumbani hatuna kitu." Mzee akamjibu, "Haya yana mwenyewe, mwanangu," akamshika mkono wakaondoka.

"Nilimchukia," binti alisema. "Nilimchukia mpaka wiki iliyofuata."

Wiki iliyofuata aliporudi kutoka shule alikuta gunia la mahindi limesimama kwenye kona ya chumba, na ukutani, mahali pa baiskeli, hapana baiskeli. Hakuna aliyemweleza chochote. Tangu siku hiyo baba yake alikwenda sokoni kwa miguu, kilometa sita kwenda na sita kurudi, alfajiri na jioni, miaka minne.

Nina watoto, na siku ile sijui kama ningekung'uta zile pindo. Kuhusu punje naweza kubishana na nafsi yangu usiku kucha, kwa sababu mtoto mwenye njaa naye ana haki yake. Kuhusu baiskeli sina ubishi. Mtu alichukua kitu cha pekee kilichompunguzia uchovu, akakigeuza ugali, kisha akatembea asilalamike. Sasa nikisoma "akaenda pamoja na Mungu" naiona ile njia ya vumbi kabla jua halijatoka, na mtu mmoja mwenye shazia mfukoni.

Mama, mjane wake, amenieleza kwamba kila jioni mzee alisimama nje ya mlango kwanza, akasema, "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kama mgeni aliyefika kwa watu anaowaheshimu, hata kama ndani yumo mtoto mmoja tu wa kunyonya. Hakuingia mpaka aitikiwe. Wajukuu walikuwa wakishindana nani aitike wa kwanza. "Mchana naweza," Mama aliniambia. "Hiyo saa kumi na mbili ndiyo siiwezi." Kwa hiyo, ndugu zangu, mnaopanga kumtembelea, msiende mchana. Nendeni saa kumi na mbili, na mkifika mlangoni mseme.

Siku ya kuanua matanga yalibaki mahindi ya rambirambi, yamemwagwa kwenye turubai. Tukayajaza guniani, kisha tukatazamana, maana fundi mwenyewe hayupo. Kijana wake wa mwisho, ambaye anasoma kidato cha pili na muda wote wa msiba hakutoa sauti, aliingia ndani akatoka na shazia imefungwa kwenye kitambaa. Akajifunga kidole gumba. Akaanza kona ya kushoto. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akamtazama mpaka fundo la mwisho, na kijana alipoinama kukata uzi kwa meno, Mama akajifunika kanga usoni.

Mungu Baba, uliyekwenda na Henoko nyumbani kwake, nenda na nyumba hii. Amina.

Mahindi ya Mama kule shambani yamefika kiunoni na palizi ya pili haijafanyika. Tunakwenda Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, tukutane kanisani. Jembe kila mtu aje na lake. Uji utapikwa huko huko.