Kontena letu la maparachichi lilipozungushwa Rasi ya Tumaini Jema

Juni 2024 niliingiziwa picha kwenye simu kutoka Rotterdam: boksi la maparachichi aina ya Hass kutoka kwetu Njombe, matunda yamelainika na vikonyo vimeota ukungu. Mnunuzi alikata theluthi ya bei. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walikuwa wakishambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa za meli zikauacha Mfereji wa Suez na kuizunguka Afrika kwa kusini. Mzigo wetu, uliozoea kufika kwa siku 28 hivi, ulikaa baharini siku 42. Tunda lilelile, safari nyingine kabisa.

Kontena la pili tulishaliahidi. Tuko wakulima watano tunaolichangia, tukakaa kikao, tukaanza na kupima ukavu wa tunda. Unakata vipande vyembamba, unavipima, unavikausha kwenye maikrowevu kidogokidogo mpaka uzito ugome kushuka, kisha unapima tena. Gramu 10 zikibaki gramu 2.5, ukavu ni asilimia 25. Tunda la asilimia 30 lina mafuta mengi na ndilo tamu zaidi, lakini huwahi kuiva. Kwa safari ile lisingefika. Tukachuma miti iliyosoma 24 hadi 26 tu, matunda ya mingine tukayauza hapahapa nchini. Iliniuma sana, kwa sababu miti yote ya mzee mmoja kati yetu ilikuwa imeshapita 26.

Halafu ubaridi. Zamani kreti zilishinda kando ya barabara zikisubiri lori lijae. Sasa tukachuma umande ukishakauka, kreti zikakaa kivulini, na jioni ileile zikawa kwenye chumba cha baridi, nyuzi 5. Kwangu mimi hapa ndipo mzigo ulipookolewa, kuliko hata kontena la gharama tulilokodi, lile linalopunguza oksijeni ndani ili tunda lichelewe kuiva.

Siku ya 41 picha ikaja. Magumu, ya kijani, vikonyo safi. Nikampigia yule mzee kabla ya wote.

"Yamefika salama, baba."

"Na yangu je, mwanangu, mwakani yatakuwemo?"

Mwaka uliofuata tulianza kupima kwake, wiki tatu kabla ya mashamba mengine.