Aliyetoka mahututi anaishije baada ya mwaka?

Daftari la wodi ya wagonjwa mahututi lina safu ya mwisho inayoeleza mgonjwa aliishia wapi: ameruhusiwa, amehamishiwa hospitali nyingine, au amefariki dunia. Safu hiyo ndiyo inayoingia kwenye ripoti ya mwezi, na ndiyo inayotufanya tutembee kifua mbele au tuinamishe vichwa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu huanza pale safu hiyo inapokuwa imeshajazwa. Nimejionea kwamba miongoni mwa walioruhusiwa yumo aliyerudi ziwani kuvua, yumo ambaye hadi leo anaogeshwa na binti yake, na yumo anayetembea vizuri lakini hathubutu tena kulala peke yake chumbani. Daftari linawahesabu wote watatu sawasawa. Naamini kwa dhati kwamba hospitali inayoweza kumvusha mtu kwa oksijeni na mashine ya kupumulia inaweza pia kujua mtu huyo anaishije mwaka mmoja baadaye, mradi imuulize maswali yanayolingana na maisha anayoyaishi.

Huduma ya wagonjwa mahututi ya namna tunayoijua leo ilianzia Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, ambapo daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono, kazi iliyofanywa kwa zamu na wanafunzi wa udaktari usiku na mchana. Katika hali kama ile swali lilikuwa moja tu, nani atapona na nani atakufa, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Tatizo ni kwamba swali hilo liliendelea kutawala kwa miongo mingi, hata katika nchi zenye vitanda na mashine za kutosha.

Utafiti ulionifungua macho ni wa Margaret Herridge na wenzake wa Toronto, uliochapishwa mwaka 2003. Waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kushindwa kufanya kazi kwa ghafla. Hawakuwa wazee, kwani umri wa kati wa kundi zima ulikuwa miaka 45. Walipotoka wodi ya mahututi walikuwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao wa awali. Walipopimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita, kipimo cha kati kilikuwa mita 281 baada ya miezi mitatu, kikafika mita 422 baada ya mwaka, ambayo ni kama theluthi mbili tu ya kile kinachotarajiwa. Waliokuwa wamerudi kazini kufikia mwaka huo walikuwa asilimia 49. Mapafu ya wengi yalikuwa yamerejea karibu na hali ya kawaida. Kilichokuwa kikiwarudisha nyuma ni misuli iliyosinyaa na kudhoofika. Watafiti hao walipowapima tena baada ya miaka mitano, umbali ulikuwa mita 436, yaani katika miaka minne iliyofuata hawakuongeza hata mita ishirini.

Mwaka 2013 zilichapishwa tafiti mbili nyingine ambazo kwangu zinakamilisha picha hiyo. Ya kwanza, kutoka London, ilionyesha kwamba ndani ya siku kumi za uangalizi wa mahututi misuli ya mbele ya paja hupungua kwa karibu asilimia 18. Ya pili, iliyoongozwa na Pratik Pandharipande wa Nashville, ilihusu akili: baada ya miezi mitatu asilimia 40 ya waliopimwa walikuwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri ulio chini sana ya wa watu wa kawaida, na baada ya mwaka hali hiyo ilibaki kwa asilimia 34, vijana wakiwemo. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wataalamu walikuwa wamekutana Marekani na kukubaliana kuyaweka matatizo haya ya mwili, akili na hisia chini ya jina moja, pamoja na yale yanayoipata familia.

Misuli hiyo ya paja ndiyo inayomwinua mtu kutoka chini, na huku kwetu mtu huinuka kutoka chini mara nyingi kwa siku: jikoni, chooni, kwenye mkeka, kwenye swala. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alikuja kwangu wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, akatembea ukumbini bila fimbo, na ndugu zake wakashangilia. Nilimwomba achuchumae kama anavyofanya nyumbani. Aliegemea ukuta kwa mkono wa kushoto, akashuka polepole, kisha akabaki pale pale. Vidole vikawa vinapapasa ukuta vikitafuta pa kushika, jasho likimtoka, hadi dada yake alipompenyezea mikono chini ya makwapa na kumwinua. Ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa akila kidogo na kunywa maji kidogo makusudi, ili asilazimike kwenda chooni mchana watu wengine wakiwa shambani na yeye yuko peke yake. Mzee mwingine wa Ujiji aliniambia kwamba maumivu ya goti anayavumilia. Kisichovumilika ni kuswali kwenye kiti nyuma ya safu, yeye ambaye tangu ujana hakuwahi kuikosa sujudi. Hayo ndiyo maisha yao, na kipimo kisichoyagusa kitasema kwamba wamepona.

Hojaji zinazotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni mbili. SF-36 ina maswali 36 yanayogawanyika katika nyanja nane, na kila nyanja hupewa alama kuanzia 0 hadi 100. EQ-5D ni fupi zaidi: inauliza juu ya kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, kisha inamwomba mtu aipe afya yake ya siku hiyo alama kati ya 0 na 100. Mwaka 2017 kundi la kimataifa lililoongozwa na Dale Needham liliafikiana kwamba tafiti za walionusurika na maradhi makali ya upumuaji zitumie hojaji hizo kupima ubora wa maisha, ili matokeo ya sehemu mbalimbali yaweze kulinganishwa. Sisi hatuanzi na mikono mitupu, kwa kuwa SF-36 ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999.

Hata hivyo, lazima tuangalie kilichomo ndani. Toleo la awali la SF-36, lililotungwa Marekani, linataja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu kuwa mifano ya shughuli za wastani. Kwa anayeishi Kibirizi, hapa Kigoma kando ya ziwa, shughuli ya wastani ni kuanua dagaa kabla mvua haijanyesha, na shughuli nzito ni kupanda kutoka mwaloni na beseni kichwani. Ndiyo maana napendelea tuanze na EQ-5D, ambayo ina maswali machache yanayoweza kuulizwa kwa simu, na kuambatanisha maswali yetu wenyewe kando yake bila kuyachanganya katika hesabu: je, unachuchumaa na kuinuka bila msaada, unachota maji, unakwenda sokoni, unaswali au kusali kama zamani, na je, kipato chako kimerudi? Alama za EQ-5D hugeuzwa kuwa thamani moja kwa kutumia maoni ya wananchi wa nchi husika kuhusu hali ipi ni mbaya kuliko ipi. Zimbabwe, Ethiopia na Uganda zimeshakusanya maoni hayo kwa watu wao. Mimi sioni haja ya kukimbilia namba hiyo moja. Kwa hospitali ya mkoa, kujua ni wangapi wanashindwa kujihudumia kunatosha kabisa kuanzia.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa uzoefu wangu, hauko kwenye karatasi. Tumelelewa kwamba ukijuliwa hali unajibu vizuri kwanza, unamshukuru Mungu, na shida unazieleza baadaye ukishaulizwa tena, hasa ikiwa anayeuliza ni mtu wa hospitali iliyokuokoa. Mgonjwa anaona ni utovu wa shukrani kuwalalamikia waliomkesha. Anayesoma maswali moja kwa moja kama karani wa sensa atapata alama nzuri zisizo na ukweli. Njia ninayoiamini ni kumaliza salamu zote kwa utulivu, kumweleza kwamba jibu lake halitamwudhi mtu, na kuuliza juu ya tendo la jana badala ya hali kwa ujumla: jana nani alikuchotea maji ya kuoga? Shati ulilovaa, nani alikusaidia kufunga vifungo? Jibu la swali kama hilo ni gumu kulipamba.

Mambo ya usiku yanahitaji uangalifu wa pekee. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi, homa kali na mipira mwilini huweza kuchanganyikiwa, na kumbukumbu anazobaki nazo ni za kutisha: watu wasio na nyuso wanaomshika, maji yanayopanda ukutani, wauguzi wanaopanga kumdhuru. Wengi huzificha kumbukumbu hizo kwa kuhofia kuitwa wendawazimu, au familia ikaanza kutafuta aliyemroga. Kuna hojaji ya maswali 14 ya kupima wasiwasi na sonona, na nyingine ya maswali 22 inayopima athari za tukio la kutisha, lakini kabla ya kuzitumia ni bora kumwambia mgonjwa kwamba ndoto za namna hiyo huwapata wengi waliopita wodi ile. Nimeona mabega yakishuka kwa sentensi hiyo moja. Kwa upande wa akili, kipimo maarufu cha alama 30 kinamtaka mtu achore saa na kunakili mchemraba, na asiyepata kukaa darasani atashindwa hata kama ubongo wake uko salama. Kwa mchuuzi, naona inafaa zaidi kujua kama bado anakumbuka anayemdai na anaowadai, na kama chenji anayorudisha ni sahihi.

Halafu kuna hesabu inayoweza kutupotosha bila mtu yeyote kusema uongo. Tukiwapima walio hai tu baada ya mwaka, na walio dhaifu zaidi wakawa wameshafariki nyumbani, wastani wa waliobaki utapanda na tutadhani huduma imekuwa bora. Vivyo hivyo, asiyepokea simu anaweza kuwa amepona na yuko kambini uvuvini, au ni hoi kiasi cha kushindwa kuishika. Kwa hiyo waliofariki na wasiopatikana lazima waonekane kwenye ripoti pamoja na alama za waliojibu. Ni muhimu pia kujua mtu alikuwaje kabla ya kuugua, jambo ambalo tunaweza kumwuliza ndugu akiwa bado anauguza wodini. Ndugu ni shahidi mzuri wa kutembea, kuoga na kula; juu ya hofu na huzuni, shahidi ni mgonjwa mwenyewe, na asikike peke yake.

Ndugu huyo naye apimwe. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 67 ya waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa waliowahi kuwekwa kwenye mashine walikuwa na dalili za sonona mwanzoni, na asilimia 43 walikuwa bado nazo baada ya mwaka. Hapa kwetu anayeuguza mara nyingi ni mama au binti aliyeacha biashara au masomo, na anapoishiwa nguvu, mgonjwa naye hurudi nyuma.

Mpango ninaoupendekeza ni mdogo. Mgonjwa asiondoke bila karatasi yenye hali yake ya kabla ya ugonjwa na namba za simu za watu wawili, pamoja na jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake, kwa sababu Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini na wa vijiji vya ziwani kama Kalya au Buhingu hutegemea boti. Hatuwezi kuwataka warudi ili tu wajibu maswali. Wajumuishwe pia wale waliokuwa mahututi lakini wakatibiwa katika wodi za kawaida, maana utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 22 za Afrika umeonyesha kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa yuko mahututi, na wengi wao hawako katika wodi ya wagonjwa mahututi. Simu zipigwe mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na mbili, na mpigaji awe muuguzi ambaye mgonjwa anaitambua sauti yake.

Simu ya mwezi wa tatu ndiyo ninayoitaka zaidi, kwa kuwa wakati huo bado kuna la kufanya. Anayeshindwa kuinuka chooni anaweza kutengenezewa na seremala wa mtaani kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kisha akapewa zoezi la kukaa na kusimama asubuhi na jioni, akianzia kwenye kiti kirefu na kushuka hadi kigoda kadiri paja linavyopata nguvu. Zoezi hilo linaweza kuelekezwa kwa simu, ndugu akiwa amesimama ubavuni mwake.