Meza ya mvule chini ya rangi ya kijivu

Meza ile niliinunua Nyakato, hapa Mwanza, kwa familia iliyokuwa inahama, kwa Sh 35,000. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, na yote ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijivu, kama mlango wa stoo. Kilichonivuta ni uzito wake. Tuliibeba watu wawili hadi kwenye mkokoteni tukitweta, nikajua chini ya rangi ile hamna paina.

Nyumbani Kirumba niliigeuza miguu juu, nikakwangua kipande kidogo upande wa chini. Ikatokea kahawia yenye mng'ao wa dhahabu. Jirani yangu mmoja ni fundi seremala, mzee aliyeshika randa tangu ujana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku kidole chake kikipita pale nilipokwangua. "Mwanangu, hii mvule. Usiipake rangi tena."

Kuitoa rangi kulinichukua siku nne. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake lina madhara, kwa watoto zaidi. Kwa hiyo sikuisugua ikiwa kavu. Nililowanisha kidogo kidogo kwa kitambaa, nikakwangua nikiwa na barakoa, mabaki nikayafunga kwenye gazeti. Mtoto alikaa kwa bibi yake siku hizo zote. Mahali pamoja chuma kiligonga kitu kigumu nikadhani ni msumari. Mzee akaniambia ni jiwe: mvule hujitengenezea chokaa ndani ya mbao, ndiyo maana huua makali ya misumeno.

Mguu uliocheza ulikuwa umepigiliwa misumari mitatu na mtu aliyetaka kumaliza haraka. Niliing'oa, nikagonga kiungo kwa nyundo ya mpira mpaka kikaachia, nikakwangua gundi ya zamani kwenye ulimi na kwenye tundu lake. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Jiriwa ya kubania sina, nikakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauacha mpaka kesho yake. Haujatikisika tena.

Kisha msasa, namba 80, 120, halafu 240, kwa kufuata nyuzi za mbao. Kwenye kona moja mkono ulikata nyuzi, na mikwaruzo sikuiona mpaka vanishi ilipogusa. Nilirudia kona ile nusu siku.

Vanishi ndiyo iliyoniliza. Nilipaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, jioni, kibarazani, taa ikiwaka nipate kuona. Wanaokaa kando ya ziwa wanajua kilichofuata. Wale vijidudu vya ziwani, wanaoinuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama, walifuata taa, na asubuhi meza ilikuwa na manyoya. Maelfu wamenasa, mabawa yamezama ndani ya vanishi. Nilikaa chini pale pale. Nikarudi kwenye msasa.

Mara ya pili nilingoja mwezi ukue. Nilianza saa nne asubuhi, umande umeshakauka, ndani ya chumba, mbali na jua kwa sababu jua kali hutoa mapovu kwenye vanishi. Mkono wa kwanza niliuongezea tina kidogo uzame kwenye mbao. Juu ya meza nilitundika chandarua kikuukuu, kisiguse, na ilipoingia jioni taa ya chumba kile sikuiwasha. Ulipokauka kabisa nikapitisha msasa laini, nikafuta vumbi, nikapaka tena. Mikono mitatu kwa jumla. Wa tatu ulipokauka, nyuzi za mvule zilionekana kama maji yanayotembea, na mwanangu alipopitisha kiganja akauliza kama ni meza ile ile.

Viti bado natafuta. Kimoja cha mbao ya mkongo nimekipata Igoma, kimetoboka kalio, na kitambaa chake nimeshakitoa kwenye mapazia ya mitumba ya Mlango Mmoja. Kiko chumbani, kimeshapigwa msasa, kinasubiri mwezi ukue.