Siku yenye hadithi ya milango miwili, Kidato cha Pili

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya gwaride nakata nakala za hadithi vipande vitatu. Leo ni “The Lady, or the Tiger?” ya 1882 ya mwandishi Mmarekani Frank Stockton, niliyoifupisha kwa Kiswahili ikawa kurasa mbili. Ukigawa yote kwa mpigo, macho yatakimbilia aya ya mwisho na taharuki itakufa.

Saa 2:00. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kipande cha kwanza nakisoma mwenyewe, polepole. Kijana aliyempenda binti mfalme anaingizwa uwanjani kuchagua mlango: mmoja una simbamarara, mwingine msichana atakayeozwa papo hapo. Nauliza kwa nini milango imefunikwa ngozi nzito kwa ndani. Ili sauti isipenye. Hapo wanaona mwandishi alivyoziba kila mwanya wa kubahatisha.

Saa 2:20. Kipande cha pili: binti mfalme ameijua siri ya milango, naye anamchukia msichana yule. Anamwashiria kijana mlango wa kulia. Nasimama hapo hapo. Kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi: msichana au simbamarara, na sentensi moja ya hadithi inayomuunga mkono. Kura ya kuinua mikono haifai, maana wengi humtazama kiranja kwanza.

Saa 2:35. Kipande cha mwisho, kisha mjadala, ndipo penye kazi. Wengi huanza na “mimi ningemwokoa”. Nawarudisha kwenye maandishi: hatuulizi wewe ungefanya nini, tunauliza huyu alifanya nini. Binti mfalme alishtuka mara nyingi akiwaza meno ya simbamarara, lakini mara nyingi zaidi alimwona mpenzi wake kwenye mlango ule mwingine akifurahi, naye akasaga meno. Nawaachia dakika tatu na hayo maneno “mara nyingi zaidi”. Upande wa simbamarara huyadaka upesi. Wa msichana hujibu kwamba uchungu si uamuzi. Wakikwama, natupa swali: je, angekataa kuashiria chochote, angekuwa hana hatia? Hili huwagawa upya, na ndilo nalipenda kuliko yote.

Saa 4 hadi saa 9 ni madarasa mengine.

Saa 10:00 jioni, kusahihisha. Zoezi: mawazo ya binti mfalme usiku wa kuamkia siku hiyo, maneno 150. Alama 10: ushahidi 4, hoja ya upande wa pili 3, lugha 3. Wengi hupoteza zile 3 za katikati, kwa kuwa wanamchora asiye na shaka hata kidogo. Hao nawaandikia pembeni: “Nini kilimkosesha usingizi?” Anayedai Stockton alitaka simbamarara namrudishia daftari, kwani Stockton aliwaachia wasomaji jibu.