Tulivyopiga kambi Longido kiangazi, na ushauri nilioukataa

Nilipotangaza kazini kwamba likizo ya Desemba nawapeleka watoto wa kaka yangu kupiga kambi Longido, ushauri wa kwanza niliopewa ni huu: maji yakiisha, tafuteni dungusi, ule mmea wa miiba wa jangwani, mlikate, mlikamue mnywe. Aliyesema ni mtu mzima, na kisa chenyewe alikiona kwenye video iliyopigwa jangwa la Marekani. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha. Kwenye vilima vyetu kinachofanana na dungusi ni mti mwingine kabisa, ule mrefu wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa. Ni wa ukoo mmoja na mnyaa. Ukiukata unatoa utomvu mweupe unaobabua ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Mtoto wa mfugaji analijua hilo kabla hajaanza shule. Mtoto wa mjini akimsikiliza mtu wa video, anaweza kuupeleka utomvu huo mdomoni.

Watoto wa kaka yangu wanapenda mambo ya pori. Hawataki kambi ya kukaa kwenye viti na spika ya muziki. Wanataka kuwasha moto bila kiberiti, kusokota kamba, kujua njia bila simu. Mwaka uliotangulia walipelekwa na watu wengine kwenye kambi ya namna hiyo, wakarudi wamenuna na mdogo akiwa mgonjwa, kwa sababu kiongozi aliwanyima chakula cha mchana ili wazoee shida. Mimi nilipanga kinyume. Hema, maji ya kunywa na unga vitoke nyumbani na vitoshe bila kutegemea bahati. Ujuzi wa porini uwe kazi ya mchana, tumbo likiwa limeshiba, mtu akishindwa ajaribu tena mpaka aweze.

Longido iko kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, kilomita kama themanini tu, na mlima wake unapita mita 2,600. Tuliripoti kwanza kwa wenyeji wanaoongoza wageni, wakatupa mzee mmoja na morani mwenye mkuki. Usilale kule bila mwenyeji. Msitu wa juu una nyati, na tembo hupita. Malipo yao kwa siku hayakunishtua hata kidogo ukilinganisha na nilichopata. Mbuzi wa siku ya mwisho ndiye aliyekula fedha, kuliko hata mafuta ya gari.

Yule mfanyakazi mwenzangu naye alikuja, na nilifurahi alivyokuja, kwa kuwa ana nguvu na anapenda watoto. Alikuwa na jambo lake: kupata maji kutoka ardhini kwa jua. Unachimba shimo, unaweka sufuria katikati, unafunika kwa nailoni angavu, unaweka kijiwe juu ili nailoni ibonyee, mvuke unageuka matone na kudondoka kwenye sufuria. Kanuni ni ya kweli. Tulikuwa na kipande cha nailoni ya kitalu cha nyanya, na jembe. Wakaanza asubuhi, yeye na wavulana wawili, kwenye udongo mkavu wa kiangazi uliojaa changarawe. Kila baada ya muda mmoja wao anakuja kwenye dumu kunywa, anarudi. Jasho linatiririka, shati zimelowa mgongo mzima. Kufika saa sita mchana shimo lilikuwa la kufika magotini. Wakatia majani mabichi ndani, wakafunika, wakaziba kingo kwa udongo kwa uangalifu mkubwa. Kesho yake jioni tukafunua wote tumeinama: mafunda matatu ya maji yenye harufu ya nailoni. Binti wa kaka, ambaye huandika kila kitu kwenye daftari, alikuwa amehesabu maji waliyokunywa wakichimba, akasoma hesabu yake mbele ya wote: zaidi ya lita sita.

Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamejifunza jambo ambalo mwalimu angelirudia mwaka mzima, kwamba porini jasho ni maji yanayotoka, na kazi yoyote ya kutafuta maji lazima kwanza ulizwe inakula maji kiasi gani.

Njia niliyowaonyesha mimi ni ya uvivu zaidi na inafaa hasa kiangazi. Kuna maji kidogo yaliyobaki kwenye korongo, yenye vumbi. Tuliyachuja kwa kanga iliyokunjwa mara kadhaa hadi yakawa maangavu, tukayatia kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, tukazilaza juani juu ya bati. Chupa isizidi lita mbili. Jua likiwa kali saa sita zinatosha, kukiwa na mawingu mengi acha siku mbili. Kinachoua vijidudu zaidi ni mionzi ya urujuanimno ya jua, kwa hiyo maji yakiwa na tope mionzi haipenyi, ndiyo maana kuchuja si jambo la kuruka. Njia hii haiondoi chumvi wala sumu za kemikali, na nilihakikisha wanalikariri hilo. Wakati chupa zinaoka, sisi tulikuwa kivulini chini ya mgunga tunakula mihogo.

Moto sasa. Mkubwa wa watoto alikuja na vifaa alivyojitengenezea: upinde, kijiti, na kibao cha mninga alichoomba kwa fundi seremala. Alipekecha mpaka viganja vikawa vyekundu. Moshi ulitoka, harufu ya mti kuungua ikatoka, kaa halikutoka. Mzee alikuwa amekaa pembeni kimya, amekunja rubega yake, mpaka kijana mwenyewe alipomwendea akainamisha kichwa na kusema, “Shikamoo babu, naomba unioneshe.” Mzee akamgusa kichwani, akachukua kile kibao, akakigonga kwa ukucha, akamrudishia.

“Mgumu kwa mgumu wanagombana tu,” alisema. “Mgumu umtafutie laini.”

Akatoa ulindi wake, kijiti kigumu kilichonyooka, na kipande cha mti laini mkavu chenye kitundu na mkato mdogo pembeni. Chini ya mkato akaweka ubapa wa sime ili kaa lianguke pale lisipotee mchangani. Akatia chembe za mchanga kitunduni ili kijiti kisiteleze. Halafu akapekecha kwa viganja tu, kutoka juu kushuka chini, na kabla mikono haijafika chini morani akawa ameshapokea juu. Hapo ndipo penye siri nzima. Watu wawili wanapokezana, kijiti hakisimami hata kidogo, joto halipati nafasi ya kushuka. Unga mweusi ukajaa kwenye mkato, ukaanza kufuka wenyewe. Akaumwaga kwenye mavi makavu ya punda yaliyofikichwa, akapuliza polepole. Muda wote huo ungetosha kuchemsha kikombe cha chai, si zaidi.

Watoto walishinda wakijaribu. Kesho yake, wakipokezana watatu, walipata kaa lao. Nilisikia kelele zao nikiwa mbali nikadhani nyoka. Moto ule ndio tuliopikia ugali na dagaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuuzima mpaka usiku. Kiangazi lakini majani yamekauka, hivyo kwanza tulifyeka na kufagia duara pana mpaka udongo ukaonekana, na dumu la maji lilikaa karibu muda wote. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe tu. Kukata mti mbichi kwenye ardhi ya watu hapana.

Kamba tulisokota kwa mkonge pori, ule ambao Wamasai huuita oldupai na ndio uliolipa jina bonde la Olduvai. Unaparuza jani kwa mgongo wa panga juu ya gogo mpaka nyuzi zibaki, unasokota juu ya paja. Wasichana walivutana na wavulana kwa kamba yao wenyewe, ikahimili.

Usiku nilikuwa na jambo jingine la kusahihisha. Video zote zinawaambia watoto watafute Nyota ya Kaskazini. Longido iko kusini ya ikweta, nyota hiyo hatuioni kabisa. Na ile hila ya kutafuta kusini kwa saa ya mkono haifai kwetu, kwani jua letu la mchana hukaa karibu na utosi. Tulichonacho sisi ni bora. Mwisho wa Desemba, giza likiingia, unakiona Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, juu, na nyuma yake, upande wa mashariki, nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Hizo tatu huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Niliwaamsha saa kumi na nusu alfajiri kuhakikisha, wakazikuta zimeinamia magharibi, na binti akachora daftarini.

Kwenye moto niliwasimulia vita vya mlima uleule. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliupanda usiku kuwatoa Wajerumani. Katikati ya asubuhi baghala wao (chotara wa punda na farasi) kama mia moja waliobeba maji ya askari walitimuliwa na Wajerumani wapanda farasi. Jeshi likabaki mlimani juani bila maji, na giza lilipoingia likashuka na kurudi lilikotoka. Baada ya kisa hicho sikuhitaji tena kumkumbusha mtu kufunga kizibo cha dumu.

Kwa anayetaka kwenda: beba maji yako yote kutoka mjini, lita tano au zaidi kwa kila mtu kwa siku ukijumlisha ya kupikia, usitegemee ya wanakijiji. Beba sukari na majani ya chai ya kuwapa wenyeji. Mswaki usibebe, mzee atawakatia wa mti. Sisi tunarudi Julai, na safari hiyo mzee ameahidi kuwafundisha kusoma nyayo. Ameniambia niwanunulie watoto katambuga, za elfu chache tu sokoni, maana miiba ya mgunga ilitoboa raba zao zote.