Sauti ya Chini

Julai 2019 baridi ya Mbeya ilikuwa ya kung'ata masikio. Chumba cha kaka kilikuwa nyuma ya soko la Mwanjelwa. Kuta alizifunika kwa vipande vya godoro ili sauti isirudi, na maiki aliivisha soksi. Kaka huyu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anatafsiri muvi. Mimi ndiye niliyekijua Kiingereza. Naitazama muvi kwanza, naandika maneno kwenye daftari, halafu akianza kuingiza sauti nakaa ubavuni mwake nikimwonyesha mstari kwa kidole.

Wiki hiyo wateja walikuwa wanaulizia muvi ya "yule mwanamuziki Mzanzibari". Walimaanisha Bohemian Rhapsody, iliyotoka 2018, ambayo Rami Malek alipewa Oscar kwa kuigiza nafasi ya Freddie Mercury. Watu wa Mwanjelwa Oscar haikuwahusu. Walichotaka ni kumwona mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, familia yake ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi, na yeye akaja kuujaza uwanja kwa sauti yake. "Ni wa kwetu huyo," walisema, na kaka akaona hela.

Niliiandika usiku, nimejifunga blanketi. Nikafika pale Freddie anapomwambia Mary, mchumba wake, kwamba anahisi anapenda wanawake na wanaume pia. Mary anamjibu kwa upole kabisa: hapana, Freddie, wewe unapenda wanaume. Basi. Mazungumzo yanaendelea kana kwamba lile neno la kwanza halikutamkwa.

Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.

Kulitafuta neno la Kiswahili kulinichukua zaidi ya saa nzima. Nilipoandika "mtu wa jinsia mbili" nililifuta palepale, maana mtu wa Mwanjelwa angeelewa huntha, aliyezaliwa na maumbile ya pande zote. Shoga nalo, ambalo wanawake wa pwani wanaitana wao kwa wao kwa mapenzi, huku kwetu limebaki tusi la mwanamume. Basha linataja nani anafanya nini kitandani. Moyo haumo katika maneno hayo yote. Na kwenye muvi zetu za Bongo mwanamume wa namna hiyo nilikuwa nimemwona wa aina moja tu: yuko saluni, amejifunga kanga, anabinua midomo ili watu wacheke. Mwanamume anayempenda mke wake kweli na aliyewahi kumpenda mwanamume kweli, huyo sikuwa nimemwona popote. Akitokea, basi ni mwongo anayemficha mke.

Mwisho niliandika hivi: "Mary, nahisi nawapenda wote, wanawake na wanaume." Niliyasoma maneno hayo kwa sauti ndogo ili nione kama yanakaa mdomoni, na mikono ikaanza kunitetemeka. Haikuwa baridi. Nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa na mchumba Uyole ambaye nilimpenda kwa moyo wote, na mwaka uliotangulia, nikibeba mbao Mafinga, nilimpenda mwenzangu wa mashineni kwa moyo huohuo. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejiambia kuwa moja kati ya hayo mawili lazima ni uongo, na kila usiku nilikuwa nauchagua uongo tofauti.

Kesho yake kaka akausoma mstari, akaiweka maiki chini.

"Mdogo wangu, hii haiendi."

"Ndivyo alivyosema, kaka."

"Amewaambia Wazungu. Hapa steringi hawezi kuwa hivyo. Watu watarudisha CD, wengine watasema tunafundisha."

Sikuwa na la kumjibu, na leo siwezi kumlaumu sana. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alikuwa ametangaza kamati ya kuwasaka mashoga, na Kanuni ya Adhabu inatoa hadi kifungo cha maisha. Kaka alikuwa na kodi ya chumba na watoto wawili. Akafikiri kidogo, akaivuta maiki, akarekodi kwa sauti nzito: "Mary, nimeathirika." Kisha kwa sauti nyembamba aliyokuwa akiwatolea wanawake wote: "Nilijua, mpenzi. Nilikuwa nakuona unavyokonda."

Ilikaa vizuri, kwa sababu kweli Freddie Mercury alikufa kwa UKIMWI, tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa anaumwa. Anayeitazama asingeshtuka. Mapenzi ya mtu yalikuwa yamegeuzwa ugonjwa kwa maneno mawili, na kidole kilichokuwa kwenye daftari kikionyesha mstari ni changu. Jim Hutton, mwanamume aliyeishi na Freddie mpaka anakufa, kaka alimfanya mlinzi.

Jumamosi tukaionyesha kwenye kibanda umiza. Kilijaa: makonda, vijana wa bajaji, wauza viazi waliofunga mapema. Ile sehemu ilipofika kukawa kimya. Mama mmoja wa mlangoni, aliyekuwa akiuza karanga, akasema, "Maskini, kijana mzuri hivi." Walimwonea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko ambavyo kicheko kingeniuma.

Muvi ilipokwisha nilikuwa napanga mabenchi. Akanijia dereva wa malori ya Tunduma, mtu mzima, wa makamo ya baba mdogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemsaidia mtafsiri?"

"Ndiyo, mzee."

Akangoja watu wapungue. Kaka huwa hazimi sauti ya mwenye muvi, anaishusha tu, inabaki inasikika chini ya sauti yake. Dereva yule alikuwa ameisikia. "Pale kwa mwanamke," akasema, "mwanamke alitamka neno. Hilo neno nalijua, si ugonjwa."

Nikanyamaza.

"Mimi sikuulizi hilo. Nakuuliza, mwanamume alitangulia kusema nini? Kabla mwanamke hajamjibu?"

Ningeweza kumwambia sijui. Nikayasema yote, vilevile nilivyoyaandika, taratibu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka mbele ya mtu: "Mary, nahisi nawapenda wote, wanawake na wanaume."

Dereva akaangalia chini, kwenye maganda ya karanga. "Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na yule mwanamke akamwambia siyo."

"Akamwambia siyo."

Miaka iliyofuata nimesoma mengi. Nimesoma kwamba wimbo wa 1975 wa Queen, bendi ya Freddie, uitwao Love of My Life, husemwa ni wa Mary, na kwamba nyumba yake ya London, Garden Lodge, Freddie alimwachia yeye. Nimesoma kuwa David Bowie, mwanamuziki mwingine wa Uingereza, alisema mwaka 1976 kwamba anapenda wanawake na wanaume, halafu 1983 akasema kulitamka lile lilikuwa kosa, na watu wakaushika msemo wa pili kama ushahidi kwamba kitu chenyewe hakipo. Lakini hakuna nilichosoma kilichonifikia kama alivyosimama mtu yule.

Alisimama muda mrefu, mikono kwenye mifuko ya jaketi. Nje injini ya lori lake ilikuwa inaunguruma, tanboi wake anaita.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Akatoa elfu mbili, akachukua CD, akaiingiza ndani ya jaketi upande wa moyo, akatoka kwenye ukungu.